Takwimu Zako Haziwashawishi Watu? Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Chati

Mtu anapowasilisha hesabu za biashara na wasikilizaji wasishawishike, mara nyingi wazo la kwanza linalomjia ni kurudi kwenye kompyuta na kuongeza rangi, picha na chati. Dawa hiyo moja hutolewa kwa kila tatizo, ilhali matatizo yenyewe hayafanani hata kidogo. Ukumbi ulionyamaza una kasoro tofauti na ukumbi uliogombana, na wajumbe waliopiga makofi kisha wasifanye lolote wana sababu nyingine kabisa.

Mwongozo huu ni kwa wahasibu, makatibu wa vyama vya ushirika, maofisa masoko na wenye biashara ndogo wa Tanga ambao hutakiwa kusimama mbele ya watu wakiwa na namba mkononi. Kila sehemu inaanza na kile kilichoonekana ukumbini, kisha inarudi nyuma kutafuta kilichokisababisha. Mifano mingi inahusu chama cha kubuni cha wafugaji wanaopeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Namba za chama hicho nazo ni za kubuni, zimewekwa ili msomaji aweze kuzifuata bila kikokotoo.

Ukumbi umenyamaza

Ukimya hautokani na watu kutojua hesabu. Mama anayenunua samaki mnadani pale Deep Sea hujumlisha kichwani bei ya ndoo, barafu na nauli, akatoa, akajua faida yake kabla mwenye samaki hajamaliza kutaja bei. Mtu huyo huyo anaweza kukaa kimya mbele ya slaidi kwa sababu kizio kilichotumika si kile anachokishika kila siku.

Tuseme chama chetu kina wanachama 240, na kwa mwaka mzima kituo kimekataa lita 14,600 za maziwa. Ukiitangaza namba hiyo kama ilivyo, wengi watatikisa kichwa tu, kwa kuwa hakuna mfugaji ambaye amewahi kuona lita 14,600 zikiwa mahali pamoja. Igawe kwa siku 365, utapata lita 40 kwa siku, yaani madumu mawili ya lita 20 yanayomwagwa au kurudishwa nyumbani kila siku inayokuja, Ijumaa na sikukuu zikiwamo. (Wataalamu wa maziwa hawalipendi dumu la plastiki kwa sababu ni gumu kusafisha, lakini kila mtu analijua ukubwa wake.) Kisha weka bei. Kama lita moja hununuliwa kwa shilingi 1,000, chama kinapoteza shilingi 40,000 kwa siku, na kwa mwaka shilingi milioni 14.6.

Hapa ndipo wengi huharibu walichokuwa wamekijenga. Wanachukua milioni 14.6, wanagawa kwa wanachama 240, wanatangaza kwamba kila mwanachama amepoteza takriban shilingi 61,000. Hesabu ni sahihi, lakini habari si ya kweli. Ukiyafungua madaftari ya kituo huenda ukakuta kwamba karibu maziwa yote yaliyokataliwa yanatoka kwa wafugaji 40 walio mbali na barabara, na kwamba hao wamepoteza wastani wa shilingi 365,000 kila mmoja huku wengine 200 wakiwa hawajapoteza chochote. Mwanachama asiyewahi kurudishiwa maziwa akiambiwa kwamba amepoteza 61,000 atajua mara moja kuwa jambo hilo halimhusu, na ataacha kusikiliza yaliyobaki. Kwa hiyo, kabla ya kugawa jumla yoyote kwa idadi ya watu, angalia kwanza hasara au faida hiyo imeangukia kwa akina nani.

Kizio kinachoeleweka si lazima kiwe fedha. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa mtu asiye mhandisi namba hiyo haina umbo. Ukimwambia kwamba urefu huo ni takriban mara nne ya safari ya basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, anapata pa kushika kwa sababu safari hiyo ameiketi.

Namba moja imezua ubishi na kikao kimeishia hapo

Ubishi wa namna hii una vyanzo viwili ambavyo kwa nje vinafanana, na ni muhimu kuvitenganisha kwa sababu tiba zake haziingiliani.

Chanzo cha kwanza ni kwamba pande mbili zinatumia neno moja kwa vitu viwili. Mkonge ni mfano mzuri. Singa, yaani nyuzi zinazopatikana baada ya majani kupita kwenye korona, mashine ya kuyachakata, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa majani mabichi, hivyo tani moja ya singa hutaka karibu tani 25 za majani. Ofisa akisimama mbele ya wakulima na kusema "mwaka huu tunatarajia tani 500", mkulima aliyezoea kuhesabu majani anayotoa shambani anaona kwamba amedharauliwa, na mnunuzi anayefikiria singa zilizofungwa tayari kwa kusafirishwa anaona kwamba ameahidiwa makubwa. Ugomvi huohuo hutokea kwa ekari na hekta, ambapo hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, na hutokea kwa gunia. Ukiripoti "magunia 300 ya machungwa" katika mkutano wa wakulima wa Muheza, usishangae wa kwanza kunyosha mkono akiuliza kama ni gunia la kawaida au lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, maana sheria ya vipimo inaikataza lumbesa lakini kumbukumbu za watu bado zinayo. Tiba ni kuandika kizio kwa ukamilifu kila mahali, kwenye kichwa cha jedwali na kwenye mstari wa kwanza utakaousoma kwa sauti: tani za singa kavu, ekari zilizopandwa, kilo baada ya kupima.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi: namba inamtuhumu mtu. Turudi kwenye lita 40 zinazokataliwa kila siku. Kituo cha maziwa hukataa kwa sababu zaidi ya moja. Laktomita huonyesha kama maziwa yametiwa maji, kwa kuwa maziwa halisi ya ng'ombe huwa na uzito mahususi wa takriban 1.026 hadi 1.032 na maji huushusha. Kipimo cha alkoholi ni jambo jingine: mpimaji huchanganya kiasi sawa cha maziwa na alkoholi, na yakikatika vipande anajua yameanza kuchacha. Mfugaji aliyekamua jioni, akalaza maziwa bila kuyapoza na kuyaleta asubuhi, anaweza kukataliwa kwa kipimo hicho ingawa hajatia hata tone la maji.

Sasa ofisa anasimama na kutaja "maziwa yaliyokataliwa" kama fungu moja. Nusu ya ukumbi inasikia neno "wezi". Watabisha juu ya mizani, watabisha juu ya mpimaji, watadai kwamba daftari limeandikwa upya, na hakuna chati itakayowatuliza kwa sababu wanachokitetea ni heshima yao. Tenganisha fungu hilo: tuseme lita 30 kati ya zile 40 zilichacha, na 10 tu ndizo zilizoshukiwa maji. Ghafla tatizo kubwa linakuwa la joto na usafiri, jambo ambalo mtu anaweza kulijadili bila kujitetea, na lile dogo linaweza kushughulikiwa faraghani na wahusika wenyewe.

Wamepiga makofi, wakaondoka, hakuna kilichofanyika

Wasilisho la namna hii huwa zuri kwa kila kipimo isipokuwa kimoja: halikumwomba mtu yeyote afanye jambo lolote. Mtoa taarifa alidhani kwamba hali ikishaeleweka hatua itajitokeza yenyewe.

Jiulize kwanza nani ukumbini ana mamlaka. Katika chama cha ushirika, makisio ya mapato na matumizi na ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano mkuu, bodi husimamia, na meneja hutekeleza. Kumwonyesha meneja hoja ya kukopa nje ya ukomo ulioidhinishwa ni kumpa mzigo asioweza kuubeba, na kuuonyesha mkutano mkuu ratiba ya bodaboda ni kuupotezea muda. Ukishajua mwenye uamuzi, andika ombi kwa sentensi moja kabla ya kuandaa slaidi hata moja, kwa mfano: "Tunaomba bodi iidhinishe shilingi 15,000 kwa siku za kukodi bodaboda ya kukusanya maziwa ya jioni kuanzia tarehe mosi, kwa kuwa tangi la kupozea lina nafasi na maziwa yanayochacha yanatugharimu shilingi 30,000 kwa siku." Kila namba isiyosaidia sentensi hiyo ihamishie kwenye kiambatisho. Itauma, hasa zile zilizokuchukua usiku mzima kuzikusanya.

Wametoka na funzo ambalo hukulikusudia

Hili ndilo tatizo la hatari zaidi, kwa kuwa mtoa taarifa huondoka akidhani kwamba amefanikiwa. Chanzo chake karibu kila mara ni ulinganisho, na hasa mahali ulinganisho ulipoanzia.

Hakuna mahali pazuri pa kujifunzia hili kuliko Tanga, mkoa ambao umeishi na mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipouleta mwaka 1893. Mwaka 1964 Tanganyika, iliyokuwa ikigeuka kuwa Tanzania, ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa. Baadaye nyuzi za viwandani zikachukua soko la kamba, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa na uwekezaji ukapungua, hata kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 25,000. Sasa chora mstari. Ukiuanzisha mwaka 1964, uzalishaji wowote wa miaka ya karibuni utaonekana kuwa msiba. Ukiuanzisha mwaka 1998, uzalishaji huohuo utaonekana kuwa ufufuo. Namba hazijadanganya popote, na hata hivyo msikilizaji mmoja atatoka akitaka kuuza shamba na mwingine akitaka kununua. Mzee aliyefanya kazi kwenye mashamba hayo enzi za neema ataichagua 1964 kichwani mwake hata kama hukuichora, kwa hiyo ni busara kuionyesha, kueleza kilichoishusha, kisha kusema waziwazi kwa nini uamuzi wa leo unapaswa kupimwa kwa kipindi kingine.

Misimu nayo huzaa mafunzo ya uongo. Mfanyabiashara wa samaki akilinganisha Julai na Desemba anaweza kujisifu kwa ukuaji ambao kwa kweli umeletwa na upepo, kwa sababu wakati wa kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo hutoka kwa shida, na kaskazi ikishika hali hubadilika. Maziwa hufuata majani, na majani hufuata masika na vuli. Linganisha Julai na Julai iliyopita. Kama rekodi zako hazijatimiza mwaka, eleza kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuwa ya msimu, kabla mvuvi aliyekaa nyuma hajakueleza yeye mbele ya watu.

Angalia pia mhimili wa wima wa chati ya nguzo. Nguzo zinazoanzia 95 badala ya sifuri huifanya tofauti ya 97 na 99 ionekane kama mara mbili. Hili hufanyika kwa bahati mbaya, kwa kuwa programu nyingi hujichagulia mwanzo wa mhimili, lakini msikilizaji akiligundua hataamini kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Asilimia zimewachanganya

Mauzo yaliyotoka wateja wawili hadi wanne yameongezeka kwa asilimia 100, na kauli hiyo peke yake haina thamani. Kitu kilichoshuka kwa asilimia 20 kisha kikapanda kwa asilimia 20 hakijarudi kilipokuwa: 100 huwa 80, na 80 huwa 96. Kiwango kilichotoka asilimia 10 hadi 15 kimepanda kwa pointi tano za asilimia, ingawa mwingine atasema kwamba kimepanda kwa nusu, na wote wawili watakuwa na haki. Njia nyepesi ni kuhesabu watu au vitu: "wafugaji 3 kati ya 10" huingia kichwani upesi kuliko "asilimia 30", tena humruhusu msikilizaji kuangalia safu aliyokaa na kuwahesabu.

Chati haisomeki

Sababu ya kawaida kabisa ni mwanga. Kumbi nyingi za mjini na vijijini zina madirisha mapana yanayofunguliwa kwa ajili ya upepo wa bahari, na projekta ndogo haishindani na jua la saa tano asubuhi. Umeme nao una hiari yake. Andika namba tatu muhimu kwa kalamu nene kwenye bango kitita, na uwe na karatasi moja iliyochapishwa kwa kila mjumbe.

Kuhusu aina ya chati, William Playfair alichapisha grafu za mistari na nguzo za biashara mwaka 1786 na chati ya duara mwaka 1801, na duara lake limependwa mno kupita uwezo wake. Majaribio ya William Cleveland na Robert McGill, yaliyochapishwa mwaka 1984, yalionyesha kwamba jicho hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyo kwenye kipimo kimoja cha mstari kuliko pembe na maeneo. Kwa vitendo, panga nguzo za kulala kuanzia kubwa hadi ndogo na uandike namba mwishoni mwa kila nguzo. Duara libaki kwa vipande viwili, vitatu visizidi.

Kisa kimewagusa, namba imesahauliwa

Kisa cha mtu mmoja hubeba namba mbali, lakini kinaweza kuimeza. Ikiwa baada ya wasilisho watu wanachanga fedha za kumsaidia mfugaji uliyemtaja badala ya kujadili usafiri wa jioni, ulichagua kisa kikali mno. Chagua mtu wa katikati, ambaye hali yake inafanana na ya wengi kwenye daftari, kisha utamke uhusiano huo: "Hali hii si ya huyu peke yake, wako 40."

Kuna tahadhari moja ambayo miongozo ya miji mikubwa huisahau. Katika kata ndogo, kuficha jina si kumficha mtu. Ukisema "mjane mmoja wa Pongwe mwenye ng'ombe watatu", kabla hujamaliza sentensi ukumbi umeshamjua, umeshajua deni lake, na kesho litakuwa gumzo kisimani. Omba ruhusa yake, au badilisha maelezo yanayomtambulisha na uueleze ukumbi kwamba umeyabadilisha. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la adabu peke yake.

Wanaikubali namba, hawamkubali msemaji

Dalili yake ni maswali yanayomhusu mtoa taarifa kuliko taarifa yenyewe: ulianza kazi lini, umewahi kufuga, umetumwa na nani. Mara nyingi chanzo ni kwamba namba imewashtukiza wakubwa mbele ya watu. Mwenyekiti anayesikia hasara ya chama chake kwa mara ya kwanza akiwa ameketi meza kuu hana njia nyingine ila kuipinga.

Namba nzito hutembezwa kabla ya kikao. Mpitie mwenyekiti, mpitie mpimaji wa kituo, na umpitie yule mzee ambaye akisema neno wengine hunyamaza. Mazungumzo hayo hayahitaji slaidi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mna hesabu zenu."

"Ndiyo, babu. Nimekuja uzitazame kwanza. Daftari linaonyesha kila siku tunapoteza madumu mawili, na mengi ni ya jioni."

"Ya jioni, naam. Na Jumapili je? Jumapili gari la kiwanda halifiki, hata ya asubuhi yanaharibika. Hilo mmeliandika?"

Swali la babu ni la thamani kuliko sifa yoyote. Linakurudisha kwenye daftari kuangalia Jumapili, na likithibitika, siku ya kikao yeye mwenyewe ndiye atakayeliongeza, kwa sauti ambayo watu wanaiamini. Ikiwezekana, namba za kituo zisomwe na mpimaji anayezikusanya. Huenda akasoma polepole na kukosea mpangilio, lakini hakuna atakayemuuliza amezipata wapi.

Benki wamesikiliza kwa adabu, hawakurudi

Chanzo ni kupeleka wasilisho la wafugaji kwa mkopeshaji. Madumu mawili hayamsaidii. Yeye anauliza fedha zinaingia mwezi gani na kutoka mwezi gani, marejesho yatakuwaje miezi ya ukame maziwa yanapopungua, na dhamana ni nini. Mpe jedwali la mwezi kwa mwezi, lenye miezi mibaya ikiwa imeandikwa wazi. Mkopeshaji akiona mwaka usio na mwezi mbaya hata mmoja, huanza kuutafuta mwenyewe.

Umerekebisha yote na bado hawashawishiki

Hapo yabaki mawili. Huenda uamuzi ulishafanywa kwa sababu ambazo hazimo kwenye daftari, kama deni la fadhila au mgogoro wa zamani kati ya vijiji viwili, na kuongeza namba kutawafanya watu wajifiche zaidi. Muulize faraghani mtu unayemwamini ni nini kinachozuia, na uwe tayari kwa jibu lisilokuwa na hesabu ndani yake.

Au huenda wasikilizaji wana haki na takwimu zako ni dhaifu: zimekusanywa na kituo kimoja, kwa miezi michache, na watu waliokuwa wakijaza daftari jioni kwa kukumbuka. Katika hali hiyo usiombe uamuzi mkubwa. Omba jaribio la mwezi mmoja katika njia moja ya kukusanyia, na ukubaliane na wajumbe hapohapo kitakachoandikwa: tarehe, saa ya kukamua, saa ya kufika kituoni, lita zilizoletwa, lita zilizokataliwa, na sababu ya kukataliwa, kila moja kwenye safu yake. Daftari likae kituoni mahali ambapo mfugaji yeyote anaweza kulifungua, na atie sahihi au alama ya dole gumba mbele ya mstari wake siku hiyohiyo.